Maua ya Uani na Waliyoyaleta

Mtu akistaafu na akajaliwa kuwa na kiwanja, hakosi washauri. Huyu atamwambia apande migomba, yule atamwambia michungwa, na wa tatu atamwambia aache habari za miti, ajenge vyumba viwili vya kupangisha. Mimi nilipomaliza nyumba yangu hapa Tanga nilibakiwa na uani wa hatua kumi na nane kwa kumi na moja, nikasema nitapanda mimea inukiayo. Rafiki zangu walicheka. Mmoja, mwalimu mwenzangu wa siku nyingi, aliniambia kwamba harufu hailiwi wala haiuzwi. Nilimjibu kwamba katika pwani hii harufu imeliwa na imeuzwa kwa karne nyingi, na kama angekuwa mwanafunzi wangu wa somo la historia angelijua hilo. Alinyamaza, lakini sidhani kama aliridhika.

Nimesomesha historia katika vyuo vya ualimu kwa muda mrefu, na ugonjwa wa kazi ile haukunitoka. Siwezi kushika mche nisiulize umetoka wapi, na nani aliuleta, na kwa nini. Basi kazi ya kuchagua mimea michache kwa ajili ya uani, ambayo mtu mwingine angeimaliza kwa siku moja sokoni, mimi ilinichukua karibu miaka miwili. Naandika hapa niliyoyapata katika miaka hiyo.

Kwanza, pwani yetu ilijua manukato ya kununua kabla ya karne nyingi kupita. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kwenda Mombasa na Kilwa, aliletewa majani ya tambuu na popo, kisha akamwagiwa marashi ya Damaski. Msomaji atazame ramani. Chupa ile ilitoka Shamu, ikavuka bahari, ikafika Afrika ya Mashariki ili mgeni apokewe kwa heshima. Katika orodha za bidhaa tulizozoea kuwakaririsha wanafunzi, yaani pembe za ndovu, dhahabu ya Sofala, nguo za Kambaya na shanga, marashi hayatajwi mara nyingi. Lakini mwenyeji wa Ibn Battuta hakumkaribisha kwa pembe ya ndovu.

Pili, majina ya mimea yenyewe ni kama hati za kusafiria. Asumini ni neno la Kiajemi lililopita kwa Waarabu likafika kwetu. Waridi na rehani ni Kiarabu. Karafuu vilevile tuliipokea katika Kiarabu, na hina kadhalika. Mkadi, ule mti wenye majani ya miiba na mizizi inayosimama nje ya ardhi kama miguu ya kaa, jina lake linajulikana pia Uarabuni. Langilangi imetoka mbali zaidi, maana jina hilo ni la watu wa Ufilipino. Ukitembea uani jioni na kuyataja maua moja moja, umeizunguka Bahari ya Hindi yote bila kulipa nauli.

Lakini liko ua moja ambalo jina lake halikupanda jahazi. Nalo ni kilua. Mti wake, mkilua, ni wa kwetu hasa. Unaota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na watu wameupanda majumbani kwa ajili ya ua lake, ambalo wanawake wa Kiswahili na wa Kiarabu wamelipenda tangu zamani. Ni wa jamaa ya mtopetope na mstafeli. Wataalamu wa mimea waliuacha bila jina la kisayansi mpaka mwaka 1970. Mwaka huo Bernard Verdcourt, mtaalamu wa Kew, Uingereza, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Nairobi, aliona kwamba mti huu hauingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kujulikana. Ikambidi aunde jenasi mpya. Akaiita Mkilua. Jina lake kamili ni Mkilua fragrans, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake ni chenye kunukia.

Habari hii niliisoma nikiwa mtu mzima sana, na nakiri ilinifurahisha kuliko inavyompasa mzee. Mimea mingi ya Afrika imepewa majina ya mabalozi, wamisionari na wapelelezi. John Kirk peke yake, aliyefika Unguja mwaka 1866 na kuondoka 1886, ana mimea mingi iliyobandikwa jina lake, na kwa haki, maana alikuwa mtaalamu wa kweli na bustani yake ya Mbweni ilijaa mimea ya majaribio. Lakini hapa pana mti ambao jina lake la sayansi, dunia nzima, ni neno walilolitumia akina bibi zetu walipotumana uani kuchuma maua ya kikuba.

Kwa vijana wasiojua, kikuba ni kifurushi kidogo cha maua na majani yanukiayo, hufungwa kwa uzi na kutiwa kifuani au nyweleni. Ndani yake hutiwa rehani, asumini, kilua kikipatikana, vipande vya kadi, na pengine waridi. Marehemu mke wangu, aliyekuwa mwenyeji wa Pangani, alifunga kikuba kwa haraka ambayo sikuweza kuifuata kwa macho. Nilipomuuliza mpango wake alisema, "Mwalimu, hili halina notisi." Aliniita Mwalimu hata nyumbani, hasa alipotaka kunikumbusha kwamba kuna mambo ambayo mwalimu hajui.

Hapo ndipo nilipofikia jambo ambalo kwangu ni kubwa, nalo ni la asumini.

Asumini tunayoipanda uani, ile nyeupe yenye petali nene, asili yake ni upande wa Bara Hindi na nchi zilizo jirani nalo. Tunao pia mwafu, yaani asumini ya mwitu, lakini huo ni mmea mwingine. Basi asumini hii ya nyumbani huzaa mbegu kwa nadra sana. Mtu akiitaka hana budi apate tawi. Hukata kijiti chenye vifundo vitatu au vinne akakichomeka kivulini kwenye udongo wenye unyevu, au hulilaza tawi lililo bado mwilini mwa mti, akalifukia katikati, akasubiri lishike mizizi ndipo akalikata. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba asumini yangu ni kipande cha asumini ya mtu mwingine, nayo ni kipande cha nyingine, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka tawi lililoteremshwa chomboni, limefungwa kwa kitambaa kibichi, kutoka ng'ambo. Upepo haukuileta, wala ndege hakuiangusha. Kila hatua ya safari ile mtu alimpa mtu. Na kwa kuwa kazi ya uani ilikuwa ya wanawake, hapana shaka kwamba mara nyingi aliyetoa na aliyepokea walikuwa wanawake.

Hati za jambo hili hazipo. Hakuna sultani aliyetoa amri watu wapande asumini, wala hapakuwa na forodha iliyoitoza ushuru. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo tunaona jinsi manukato yalivyokuwa sehemu ya kila siku ya maisha ya wanawake wa jumba lile. Zaidi ya shahidi kama yeye, mwanahistoria wa makaratasi anakosa pa kushika. Ushahidi uliobaki ni mmea wenyewe. Ukiukata wote katika mtaa, umechoma nyaraka.

Nasema hivyo kwa sababu mitaa yetu inaukata. Mtaani kwangu zipo nyumba kumi na nne, na nyumba zenye asumini ni tatu, na ya tatu ni yangu. Nyua zimezibwa kwa vitofali vya saruji ili gari liingie bila matope. Wanangu nao walinishauri hivyo hivyo, kwa nia njema, wakasema mzee nisije nikateleza masika. Tulikubaliana njia ya kupita iwe ya saruji na iliyobaki iwe udongo. Mkwe wangu mmoja bado analitazama lile eneo la udongo kwa jicho la mtu anayepima.

Sasa nije kwenye karafuu, ambayo hati zake zimejaa makabati. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia. Wafaransa wakauiba kutoka mikononi mwa Waholanzi wakaupanda Mauritius na Réunion katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Seyyid Said aliuona faida yake, akawahimiza wenye mashamba waupande, nao wakaupanda kwa nguvu za watumwa. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia biashara yao baharini. Lakini waliokwisha kuwamo mashambani walibaki watumwa mpaka amri ya mwaka 1897, na masuria walingoja mpaka 1909. Karafuu hazikungoja. Zilichumwa kila msimu.

Katika miaka ya themanini nilikuwa na desturi ya kuwapa wanachuo zoezi moja kabla ya likizo: kila mmoja akirudi nyumbani auchunguze mmea mmoja, awaulize wazee nani aliupanda na ulitoka wapi, kisha atusimulie. Wengi walileta habari za migomba na mibuni. Mwanachuo mmoja wa kike kutoka Pemba alisimama akaeleza kwamba nyumbani kwao wana asumini, mchaichai na mlangilangi, ila mkarafuu haujawahi kupandwa karibu na nyumba, ingawa wana mikarafuu yao shambani kama watu wengine. Bibi yake, mzaa mama, hakutaka. Mama yake bibi huyo alichuma karafuu za mtu mwingine tangu utotoni mwake, siku zile kabla ya 1897, na alipokuwa mzee alisema kwamba harufu ya karafuu zinazoanikwa ilimwumiza kichwa. Bibi akaishika ile amri hata baada ya mama yake kufa. Darasa lilinyamaza kimya. Kijana mmoja wa bara aliuliza kwa unyofu: basi mbona asumini waliipanda, na hiyo si ilikuja na watu wale wale? Binti akajibu, "Asumini hakuna aliyepigwa kwa ajili yake."

Nimelifikiri jibu lile miaka mingi. Lina ukweli, lakini si ukweli wote. Katika majumba ya wenye mali waliochuma asumini na kuitunga nyuzini jioni kwa ajili ya vitanda vya mabibi zao walikuwa pia watumwa, na sidhani kila mmoja alisalimika na fimbo. Nadhani tofauti ni nyingine. Karafuu mtumwa aliichuma ikaenda bandarini, isirudi kwake hata chembe. Asumini aliyeichuma jioni angeweza kulificha tawi nguoni akalichomeka nyuma ya kibanda chake, na baada ya mwaka akawa na asumini sawasawa na ya bibi yake, isiyopungua kwa harufu wala kwa weupe. Hayo nayasema kwa kukisia, maana hakuna aliyeyaandika. Lakini asumini ilienea mpaka kwa watu wasio na mali, nami sioni njia nyingine rahisi zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo mkarafuu sikuupanda. Si kwamba naulaumu mti. Uani wangu ni mdogo, na mkarafuu ukikua ni mti wa haja. Lakini hata kama ningekuwa na nafasi, nadhani ningeuweka mbali kidogo na dirisha.

Waridi nalo lilinisumbua. Kila mtu hulitaja kwanza, na harufu ya marashi mimi naipenda. Lakini waridi la marashi hupenda baridi ya usiku. Huko Omani linalimwa juu ya Jabal Akhdar, milimani, huchumwa mwezi Aprili hivi, na maji yake hukenekwa kwa moto katika vyungu. Hapa pwani, kwenye joto na unyevunyevu, majani hushikwa na ukungu mweusi na maua huwa machache. Mwenye kuishi Lushoto au Njombe na ajaribu. Na asidanganyike kwa yale mawaridi marefu yanayofungwa kwa karatasi za kung'aa, kama yanayolimwa Naivasha na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Mengi yamechaguliwa na wazalishaji kwa kudumu siku nyingi katika chombo cha maji, na katika kuchagua huko harufu imepotea. Nilipewa shada la namna hiyo siku moja ya sherehe, nikaingiza pua ndani, nikanusa majani mabichi tu.

Mlangilangi ni hadithi ya kinyume chake. Ua lake si zuri. Linaning'inia kama vitambaa vya kijani vilivyochanika, halafu hugeuka manjano. Lakini harufu yake alfajiri ni ya ajabu, na ndiyo maana huchumwa mapema kabla jua halijapanda. Wafaransa waliulima kwa ajili ya mafuta katika visiwa vya bahari yetu, na Komoro imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta hayo. Ernest Beaux alipotengeneza ile Chanel No. 5 mwaka 1921, langilangi ilikuwa mojawapo ya vitu alivyotia. Mabibi wa Paris walijipaka ua ambalo Mngazija hulitia nywele zake bure. Ukiachwa, mti huu hupanda juu kupita nyumba, na maua yakawa ya popo. Wakulima huukata kilele na kuyainamisha matawi yafikiwe kwa mkono, nami nimefanya vivyo hivyo.

Mkadi nimeuacha. Lenye kunukia sana ni ua la mkadi dume, na huwezi kujua kama mche ni dume mpaka uchanue, jambo la miaka. Tena miiba yake hujenga boma zuri la panya, na penye panya nyoka hakosi, kwa hiyo wazee waliosema kwamba mkadi huita nyoka walikuwa na sababu. Malkia wa usiku, uliotoka Amerika ya kitropiki, nimeukataa pia: harufu yake ni ya mtu anayezungumza peke yake barazani mpaka wageni waage, na ni mmea wenye sumu, na mimi nina wajukuu. Mhina nimeupanda kuwa ua wa kuzungushia upande wa barabara. Watu huujua kwa majani yake tu. Wachache hukumbuka kwamba maua yake madogo hunukia vizuri. Kivumbasi kimeota chenyewe karibu na mlango wa jiko, nami nimekiacha, maana hufukuza mbu, na jambo hilo watafiti nao wamelichunguza wakalikubali.

Jambo la mwisho la kuchagua ni mahali, na hapa wengi hawafikiri. Asumini hufungua maua yake jioni, kwa kuwa maua meupe ya namna hiyo yanawaita nondo, nao hutembea usiku. Basi hupandwa mahali ambapo upepo wa usiku utapita kwake kabla ya kufika dirishani. Mchana huku kwetu upepo hutoka baharini, lakini usiku wa manane hugeuka ukatoka bara polepole. Nimeipanda upande wa magharibi wa chumba cha kulala. Mlangilangi nimeupeleka kusini, ili wakati wa kusi harufu yake ipite juu ya nyumba nzima, majirani nao wapate.

Miche ya asumini niliitoa Pangani, kwenye mti wa mama mkwe wangu, ambao bado upo ingawa mwenyewe hayupo. Mke wangu alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Shemeji yangu alinikatia vijiti sita, akavifunga kwa gunia lililoloweshwa, nikavipakata ndani ya basi mpaka Tanga. Vinne vilishika. Tangu hapo nimekwisha kutoa vijiti kwa watu tisa, na mmoja wao ni yule mwalimu mwenzangu, ambaye alikuja kuchukua akisema ni vya mkewe.

Mkilua ulinichukua muda mrefu kuupata. Wauza miche wa barabarani waliniuzia mara moja mstafeli wakisema ndio wenyewe. Majani yake niliyatambua nilipofika nyumbani. Mwishowe bwana mmoja wa kijiji cha upande wa Muheza, ambaye kwao bado unapandwa, alinipa miche miwili iliyoota kwa mbegu chini ya mti wake. Mmoja umekufa kiangazi. Wa pili unafika magotini, chini ya kivuli cha mlangilangi, na masika haya umetoa majani saba.